Mtoto anayecheua na kukataa titi: tumsaidie bila kumlazimisha

Katika matembezi yetu ya nyumba kwa nyumba hapa Nakivale, kuna mama tunayemkuta karibu kila mtaa. Begani ana kitambaa kilicholowa, nguo yake inanuka maziwa, na usingizi umemwishia machoni. Ukimsalimia na kumuuliza habari za mtoto, anajibu: "Huyu hakai na kitu tumboni. Akinyonya anarudisha. Sasa hata titi lenyewe analikataa."

Mwezi huu nimeomba kuandika juu ya jambo hili. Sababu ni kwamba watoto wengi wanaocheua hawaumwi, lakini hofu yetu sisi wakubwa inaweza kuwafanya waumwe. Soma hadi mwisho, kisha umsomee na jirani asiyejua kusoma.

HABARI YA MAMA MMOJA

Mama mmoja wa mtaa wetu amenikubalia nieleze habari zake bila kumtaja jina. Mtoto wake wa kwanza, mvulana, alizaliwa na kilo 3.1. Kuanzia wiki ya tano alianza kucheua baada ya kunyonya, mara nne au tano kwa siku. Mwezi wa pili alikuwa na kilo 4.9, yaani alikua vizuri kabisa. Lakini nani anatazama kilo wakati maziwa yanamwagika kila siku begani?

Jirani wa kwanza alimwambia maziwa yake ni mepesi kama maji, ampe mtoto uji. Jirani wa pili akasema maziwa yamechacha kwa sababu ya mawazo. Bibi mmoja akafungua kinywa cha mtoto, akaona fizi zimevimba kidogo, akasema ni meno ya nailoni, yang'olewe kabla hayajamuua. Mama mkwe, kwa kumpenda mjukuu, alimlaza magotini, akamkinga kiganja mdomoni na kumnywesha uji mwepesi hadi unaishia puani.

Nilipofika, mtoto alikuwa na miezi mitatu. Mama alipofungua nguo ili amnyonyeshe, mtoto alijikunja mgongo kama upinde, akageuza kichwa na kulia kabla titi halijamgusa. Nikaomba kadi ya kliniki. Kwa mwezi mzima alikuwa ameongeza gramu 200 tu. Mama akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwanangu ananichukia."

Hapana. Mtoto wa miezi mitatu hajui kumchukia mama yake. Alikuwa anaogopa kulishwa.

KUCHEUA NI NINI

Chakula hushuka kutoka mdomoni hadi tumboni kwa njia inayoitwa umio. Mwisho wa njia hiyo, pale inapoingia tumboni, kuna msuli unaobana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Kwa mtu mzima kamba hiyo inabana vizuri. Kwa mtoto mchanga bado ni legevu. Tena tumbo lake ni dogo, chakula chake chote ni maji, na muda mwingi amelala. Kwa hiyo maziwa hupanda tena kirahisi. Huko ndiko kucheua.

Watoto wasiopungua 4 katika kila 10 hucheua. Mara nyingi huanza kabla ya wiki 8. Wachache hucheua hata mara 6 au zaidi kwa siku. Kadiri mtoto anavyokua, anavyokaa na kuanza kula vyakula vizito, hali inapungua. Kati ya watoto 10 wanaocheua, 9 huwa wameacha kabla ya kufikisha mwaka mmoja, bila dawa yoyote.

Kucheua siyo sawa na kutapika. Anayecheua, maziwa yanamtoka polepole au kwa mbweu, na baada ya hapo anatulia, pengine anacheka. Anayetapika, tumbo linakaza, chakula kinatoka kwa nguvu, na mtoto anaonekana ameteseka.

Tena macho yetu hutudanganya. Fanya jaribio hili: chukua vijiko viwili vya maji, umwage juu ya kitambaa kikavu. Utaona doa kubwa, utadhani ni nusu kikombe. Ndivyo maziwa ya mtoto yanavyoonekana begani.

Kipimo cha kweli ni mizani na mkojo. Mtoto anayeongeza kilo kila mwezi na kukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, maziwa yanamtosha, hata kama anacheua.

KWA NINI BAADHI YAO WANAKATAA TITI

Maziwa yakipanda kutoka tumboni huja na uchachu. Watoto wengi hawajali, lakini wachache huumia kifuani, kama wewe unavyosikia kiungulia. Mtoto wa namna hiyo ananyonya kidogo, analia, anaacha, anataka tena, anaacha tena.

Zipo sababu nyingine pia. Pua ikiziba, hawezi kunyonya na kupumua. Utando mweupe mdomoni usiofutika unauma. Sikio linaweza kuuma. Maziwa ya mama yanaweza kutoka kwa kasi hadi mtoto anapaliwa. Mtoto anaweza kuwa ameshika chuchu tu badala ya kushika titi vizuri. Na homa, malaria ikiwemo, humfanya mtoto yeyote akatae kula.

Lakini sababu moja tunaileta sisi wenyewe, nayo ni kumlazimisha. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto aliyeshikwa kichwa na kusukumwa kwenye titi, au aliyezibwa pua ili ameze uji, hujifunza kwamba chakula ni mateso. Kesho yake analia akiona kikombe tu. Mama anaogopa zaidi, analazimisha zaidi, na mtoto anakataa zaidi. Mtego huo lazima sisi wakubwa tuufungue, kwa sababu mtoto hawezi.

MAMBO YANAYOZIDISHA TATIZO

1. Uji, maji au maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi 6. Maziwa ya mama hayawi mabovu ndani ya titi, na mawazo hayayachachishi. Yale ya mwanzo huonekana mepesi ili kumtuliza kiu, na yanayofuata huwa na mafuta zaidi. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo bila kulisha, na maji yasiyo salama huleta kuhara. Mama anayetumia ARV naye aendelee kunyonyesha kama alivyoelekezwa kliniki, maana kuchanganya titi na vyakula vingine kabla ya miezi 6 huongeza hatari kwa mtoto.

2. Kuacha titi na kushika chupa. Maziwa ya kopo yanataka fedha kila wiki, maji yaliyochemshwa kila mara, kuni na vyombo safi. Chonjo ya chupa ni ngumu kuisafisha. Wengi wa watoto wanaobadilishiwa maziwa kwa sababu ya kucheua huendelea kucheua vilevile, na kinga ya maziwa ya mama inakuwa imepotea.

3. Kung'oa meno ya nailoni, yanayoitwa ebiino na majirani zetu wa hapa Uganda, au kukata kilimi. Ndugu msomaji, hapa naomba unisikilize vizuri. Ule uvimbe mweupe kwenye fizi ni mbegu za meno ya kweli, ambayo bado hayajatoka. Kila mtoto anazo. Hazileti homa, kutapika wala kuhara. Kuzichimbua kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli kunaleta damu nyingi, usaha, pepopunda, na kunaweza kuambukiza virusi vya UKIMWI. Na mtoto mwenye kidonda mdomoni atanyonyaje? Kilimi nacho ni kiungo cha kawaida cha koo, hakina kosa lolote.

4. Dawa za kubahatisha. Usinunue dawa ya tumbo dukani kwa kusikia kwamba ilimsaidia mtoto wa fulani. Mtoto mchanga hupewa dawa baada ya kupimwa tu.

5. Kumlaza kifudifudi. Wengine hufikiri akilala kwa tumbo hatapaliwa. Sivyo. Mtoto mchanga, hata anayecheua, alazwe chali, mahali palipo sawa, bila mito wala nguo nyingi karibu na uso. Kulala kifudifudi kumehusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini.

NINI CHA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, tazama mtoto anavyoshika titi. Tumbo lake ligusane na tumbo lako, kichwa na mwili viwe kwenye mstari mmoja. Mdomo ufunguke sana, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi wa titi iingie mdomoni. Ukisikia maumivu ya chuchu, mtoe taratibu uanze upya. Kama maziwa yanatoka kwa kasi, jiegemeze nyuma ili mtoto awe juu ya kifua chako.

Pili, mnyonyeshe kidogo kidogo na mara kwa mara, usiku na mchana. Usingoje alie. Kulia ni dalili ya mwisho ya njaa. Dalili za mwanzo ni kugeuza kichwa akitafuta, kulamba midomo na kupeleka mikono kinywani. Mtoto anayelia sana humeza hewa, na hewa hupandisha maziwa.

Tatu, akipumzika katikati ya kunyonya, na pia akimaliza, mweke begani umpapase mgongo ili abeue. Kisha mshike wima kwa dakika 20 hadi 30. Hapa ndipo baba, shangazi na kaka wanaweza kusaidia sana. Usimbane tumbo kwa kitenge wala kumrusharusha mara tu baada ya kunyonya.

Nne, kama ameanza kuogopa titi, ondoa vita. Kaa naye kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa amevuliwa nguo na nyote mmefunikwa kitenge. Usimpe titi wakati huo, mwache likae karibu tu. Mwimbie, mbembeleze. Atakapolitafuta mwenyewe, mpe. Jaribu sana wakati ana usingizi au ndiyo kwanza anaamka, na usiku, kwani hofu huwa imelala. Akigeuza kichwa au kujikunja, acha. Umbembeleze, ujaribu tena baada ya muda mfupi.

Tano, linda maziwa yako. Mtoto akikataa, kamua kwa mikono iliyonawa kwa sabuni, uweke kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Mpe kwa kikombe kidogo, akiwa amekaa wima mapajani. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, umwache alambe mwenyewe. Usimmiminie. Kwa joto letu, maziwa yaliyokamuliwa yatumike ndani ya muda wa saa 4.

Kuacha kulazimisha siyo kumwacha na njaa. Unampa nafasi nyingi zaidi kwa siku, lakini kila nafasi inakuwa ya amani. Katika siku hizo hesabu mara anazokojoa, na usikose kumpeleka kwenye mizani.

AKIFIKISHA MIEZI 6

Katika umri huu mtoto aanze vyakula pamoja na titi, na titi liendelee hadi miaka 2 au zaidi. Anza na vijiko vikubwa 2 hadi 3 kwa mlo, mara 2 au 3 kwa siku, ukiongeza polepole hadi nusu kikombe. Akiwa na miezi 9 hadi 11, mpe mara 3 au 4.

Uji uwe mzito, usitiririke ukiinamisha kijiko. Uji wa namna hiyo hutulia tumboni vizuri kuliko ule mwepesi wa kunywa. Uongezee karanga zilizosagwa hadi kuwa laini, au mafuta kidogo. Ponda maharage yaliyoiva sana na kuondoa maganda. Mchicha, yaani dodo, viazi vitamu, ndizi, yai, parachichi na dagaa waliotwangwa kuwa unga vyote vinafaa.

Mtoto aliyekuwa akicheua anaweza kuwa na wasiwasi na kijiko. Mkalishe wima, akutazame usoni. Awe na sahani yake ili ujue amekula kiasi gani. Mwache ashike chakula, ajipake, hata akimwaga. Kula pamoja naye, maana watoto hupenda kuiga. Chakula kipya anaweza kukikataa mara nyingi kabla ya kukizoea. Kikatae leo, kirudishe keshokutwa bila ugomvi. Mlo usizidi nusu saa. Usimzibe pua, usimshike mikono, wala usimtishe kwa fimbo.

LINI UKIMBILIE KITUO CHA AFYA

Usingoje siku ya kliniki. Nenda mara moja, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- Hawezi kabisa kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu.
- Anatapika kwa nguvu, matapishi yanaruka mbali, hasa kama hajafikisha miezi 2.
- Matapishi ni ya kijani, au yana damu.
- Ana homa, au mwili umekuwa wa baridi.
- Amelegea, haamki vizuri, au amepata degedege.
- Anapumua kwa haraka, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi.
- Tumbo limevimba na kukaza.
- Utosi umebonyea, mdomo umekauka, au mkojo umepungua sana.
- Kinyesi kina damu.

Na hata kama hakuna dalili hizo, mpeleke katika siku chache zijazo kama kilo haziongezeki au zinashuka, kama analia kwa maumivu karibu kila anaponyonya, kama anakohoa au kupaliwa mara kwa mara wakati wa kunyonya, au kama kucheua kumeanza baada ya miezi 6 au kunaendelea baada ya mwaka mmoja. Beba kadi yake. Sisi wahudumu wa afya, ambao wengi mnatuita VHT, tunaweza kukuandikia rufaa na kukusindikiza.

YULE MAMA ALIFIKA WAPI

Nilienda naye kituoni asubuhi iliyofuata. Muuguzi alipomfungua mtoto mdomo, hakuona ugonjwa kwenye fizi. Aliona utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, ambao haukufutika kwa kitambaa. Kila tone la maziwa lilikuwa likimchoma. Mtoto akapewa dawa ya matone, na mama akapewa ya kupaka kwenye chuchu, maana ugonjwa huo huhama kati ya wawili hao. Kisha akaonyeshwa upya namna ya kumshikisha titi.

Kazi ngumu ilibaki nyumbani. Mama mkwe hakufurahi kuambiwa na kijana kama mimi aache uji. Sikubishana naye. Nilimwambia: "Mama, wewe umelea watoto sita, na tunahitaji mikono yako. Tusaidie kumshika wima kila akimaliza kunyonya." Akakubali. Kuanzia siku hiyo nusu saa ya begani ikawa yake, akimwimbia mjukuu nyimbo za nyumbani kwao. Baba naye akachukua kazi ya kubeba majerikani ya maji, ili mama apate kulala mchana mtoto anapolala.

Siku tatu za kwanza mtoto alinyonya usiku tu, akiwa na usingizi. Mchana alipewa maziwa ya kukamua kwa kikombe. Siku ya tano alilitafuta titi mwenyewe mchana. Ilichukua karibu wiki tatu hadi akaacha kulia anapolazwa mapajani. Mwezi wa nne alikuwa na kilo 5.7. Mwezi wa sita alifikisha kilo 6.9.

Na je, aliacha kucheua? Bado. Hadi leo mama yake hatembei bila kitambaa begani. Lakini sasa akicheua, mama anamfuta, anacheka, na kuendelea na shughuli zake.

NENO KWA MAMA, NA KWA WANAOMZUNGUKA

Mama, mtoto kucheua siyo kosa lako, wala maziwa yako hayana laana. Ukijiona unalia kila siku, huna hamu ya chochote, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usifiche. Mwambie muuguzi au VHT leo hii. Huo ni ugonjwa kama mwingine, na kuna msaada.

Na wewe jirani, shangazi au mama mkwe, ukiona kitambaa kilicholowa begani mwa mama kijana, usianze kumwambia maziwa yake hayafai. Muulize: "Kadi inasemaje? Anakojoa vizuri? Nikushikie mtoto kidogo upumzike?"

Kumbuka: tazama mizani kabla ya kutazama doa la maziwa. Mpe mtoto chakula, usimlazimishe. Meno yasiyotoka hayaumizi mtu, yaache.

Ukiwa na swali, mwone VHT wa mtaa wako au fika kliniki ya watoto na kadi yako mkononi. Nakutakia malezi mema.